Waraka Kabla ya Karatasi

Msomaji uliyeko Itetemia, au Kwihara, au kitongoji kinginecho ambacho mtu hukitoka asubuhi na flashi mfukoni kwenda kuchapisha kazi yake mjini Tabora, mwongozo huu nimeukusudia wewe kwanza. Na wa pili wako ni yule kijana au binti akaaye nyuma ya kompyuta katika steshenari, ambaye mchana kutwa hupokea flashi za watu wasiojua walichokiacha ndani ya nyaraka zao, na jioni hulaumiwa kwa makosa ambayo nusu yake hakuyatenda. Mimi si fundi wa mashine. Ni mtu aliyepoteza karatasi nyingi na fedha kiasi kabla ya kufahamu jambo ambalo mwenye maarifa angalinieleza kwa dakika kumi. Nami nitalieleza kwa urefu zaidi ya huo, kwani nimeona kwamba aambiwaye tu abonyeze hapa na pale husahau kesho yake, bali aelezwaye sababu hukumbuka.

Basi sikiliza kisa kilichonifundisha. Nilikuwa katibu wa kikundi cha warina asali, nikatakiwa kuleta muhtasari wa mkutano pamoja na hesabu za mwaka, kurasa 14 zilizonikesheza siku tatu mbele ya kompyuta ya mpwa wangu. Katika kioo zilipendeza: vichwa vya habari vimekaa pahali pake, jedwali la mapato limeenea ukurasa mmoja bila kukatika, na nafasi za saini za mwenyekiti, mweka hazina nami zimejipanga chini ya mstari wa mwisho. Nikafika dukani, flashi ikachomekwa, waraka ukafunguliwa kwa programu ya toleo jingine, na mara kurasa 14 zikawa 17. Aina ya herufi niliyoitumia haikuwamo katika kompyuta ile, nayo ikajichukulia nyingine iliyo pana zaidi. Jedwali likakatika kiunoni. Saini zikabaki peke yake katika ukurasa wa 17 kama abiria walioachwa na gari moshi stesheni. Tukasema haidhuru, tuchape. Printa ikasimama, ikawasha taa, ikadai karatasi iitwayo Letter ambayo hapana mtu mle dukani aliyewahi kuiona kwa macho. Kijana akaibembeleza ikakubali. Kisha, kwa huruma ya kunipunguzia gharama, akachagua kurasa mbili kwa kila upande wa karatasi, asijue kwamba mteja aliyenitangulia alikuwa ameagiza mbili hizo hizo mahali pengine, ndani ya mipangilio ya printa yenyewe. Mbili ndani ya mbili ni nne. Nikarudi Itetemia na hesabu za mwaka mzima kwa herufi kadiri ya sisimizi, na mzee mmoja wa kikundi, baada ya kuisogeza karatasi mbali na macho na kuikaribisha tena, akaniuliza kwa adabu kamili: “Katibu, hesabu hizi umetuandikia sisi, ama umewaandikia nyuki?”

Nilipotulia nikaona kwamba makosa yale matatu hayakuwa ya jinsi moja. Ukubwa wa karatasi na aina ya herufi ni mambo ya waraka wenyewe, nayo yalinipasa mimi mwandishi niyaamue nyumbani. Idadi ya nakala, kurasa zitakiwazo, na kama karatasi ichapwe upande mmoja au pande mbili, ni mambo ya kazi ya siku ile, nayo huamuliwa pale kaunta, mteja na mchapaji wakizungumza. Kiasi cha wino, trei ya karatasi, unene wa karatasi na ukali wa chapa ni mambo ya mashine, nayo ni haki ya mwenye mashine. Tafrani ilizaliwa kwa kuwa sote wawili tulikuwa tukiamua kila kitu mahali pamoja, saa ile ile, mbele ya dirisha moja lenye chaguo zipatazo arobaini, na nyuma yetu foleni ya wanafunzi inanung'unika.

Wazee wetu wa Unyanyembe wasingalilikubali jambo hili. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyechukua mzigo wa frasila mbili, yaani kama ratili 70, kuelekea pwani, alipimiwa na kufungiwa mzigo wake kabla msafara haujaondoka. Njiani kazi yake ilikuwa kutembea, na ya kirangozi ilikuwa kuongoza, na hapana aliyekaa porini kufungua robota na kubishana juu ya uzani. (Nimepiga hesabu kwa kujifurahisha: frasila mbili ni karibu rimu 13 za karatasi ya A4, kwani karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba huwa na uzito wa gramu tano, na rimu ya karatasi 500 kilo mbili na nusu. Mwenye steshenari aliyezibeba kutoka kwenye basi hadi dukani anajua mpagazi alichokuwa akikijua.) Waraka nao ufungwe nyumbani, dukani utembee tu.

Yafaa pia nikukumbushe kuwa zamani kazi hizi ziligawanywa kwa watu mbalimbali. Pale Kipalapala, katika kiwanda cha chapa cha T.M.P., palipochapwa vitabu vingi pamoja na gazeti la Kiongozi lililoanza mwaka 1950, mwandishi alileta maandiko yake, mpanga herufi akazipanga, na mchapaji akaamua wino na karatasi. Na kila mmoja alikuwa amekaa miaka akijifunza sehemu yake. Kompyuta imetupa kazi zote tatu kwa pamoja, bali haikutupa miaka ile ya kujifunza. Hapo ndipo palipo asili ya dhiki yetu. Urahisi, basi, nauelewa hivi: si kutokuwapo kwa mipangilio, ila kila mpangilio kuamuliwa mara moja, na yule umhusuye, mahali pake.

Anza na karatasi. Kabla hujaandika neno la kwanza, fungua mpangilio wa ukurasa katika programu yako na uhakikishe kwamba ukubwa uliotajwa ni A4, milimita 210 kwa 297. Programu nyingi hutoka Marekani, na Wamarekani hutumia Letter, yenye milimita 216 kwa 279, ambayo ni pana kuliko A4 kwa milimita sita na fupi kwa milimita 18. Ndiyo maana waraka uliopangwa kwa Letter ama husimamisha printa ikiingojea karatasi isiyokuwapo, ama hutoka na pambizo zisizolingana. A4 yetu ni ya kanuni iliyotungwa Ujerumani na kutangazwa mwaka 1922, nayo ina hekima moja ambayo Letter haina: ukiikunja katikati unapata karatasi yenye umbo lile lile, iitwayo A5, na ukiunganisha mbili unapata A3, vivyo hivyo juu na chini. Shika hekima hiyo moyoni, tutaihitaji tufikapo kwenye vijitabu. Ukishaweka A4, weka pambizo ya kushoto iwe milimita 25 hadi 30, kwa sababu katika ofisi zetu kila hati mwishowe hutobolewa na kufungwa ndani ya faili, na herufi zilizokaribia ukingo humezwa. Tena printa nyingi haziwezi kuchapa milimita nne au tano za mwisho pande zote, hata ukizisihi. Kisha uhifadhi ukurasa huu mtupu, na pambizo zake na herufi zake, uwe kiolezo. Toka siku hiyo kila waraka uanze kwa kiolezo hicho, na swali la karatasi hutaulizwa tena.

Katika kuandika kwenyewe nina nasaha moja tu, nayo ni kali: usisukume maneno kwa kitufe cha Enter ili yafike ukurasa unaofuata, wala usipange safu kwa kugonga nafasi tupu kumi. Waraka wa namna hiyo ni kama banda lililoegemezwa kwa miti ya muda. Upepo mdogo, yaani herufi iliyobadilika kidogo tu, huliangusha. Tumia amri ya kuvunja ukurasa, na mitindo ya vichwa, na uiagize programu isilikate jedwali. Wako waliokwenda mbali zaidi katika njia hii: Donald Knuth, mwanachuoni wa Marekani, alitengeneza programu ya TeX iliyotoka mwaka 1978, ambayo mwandishi huiambia tu kwamba hiki ni kichwa na hii ni aya, na programu yenyewe ikapima nafasi kwa usahihi ambao jicho la binadamu huchoka kabla ya kuufikia, na mwaka 1995 Matthias Ettrich akaanzisha LyX, iliyoyafunika maarifa hayo kwa sura iliyo nyepesi zaidi. Kwa barua ya mjumbe wa mtaa programu hizi ni kuchinja ng'ombe kwa mgeni mmoja, lakini mwanafunzi mwenye tasnifu ya hesabu asizipuuze.

Waraka ukikamilika, ugeuze uwe PDF. Natamani neno hili lingebandikwa mlangoni pa kila steshenari. Mtindo huu wa faili ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ukawa kanuni ya kimataifa ambayo kila mtunzi wa programu aweza kuifuata bila kuomba ruhusa. Nao ndio ile kamba ya kufungia mzigo. Aina ya herufi uliyoitumia huingizwa ndani ya faili, kurasa hubaki 14 hata zikifunguliwa Kigoma au Maskati, na jedwali halikatiki. Yaliyo ya waraka hufungwa, yaliyo ya kazi ya siku hubaki wazi: bado waweza kuchagua nakala ngapi na kurasa zipi. Chukua yote mawili katika flashi, PDF ya kuchapa na faili asilia ya kusahihisha, kwa kuwa kosa la jina la mtu huonekana aghalabu pale pale kaunta, mwenye jina akiwa nyuma yako.

Sasa tumefika dukani, mbele ya dirisha la kuchapa. Tazama mambo manne tu: jina la printa, kurasa, nakala, na ukubwa wa karatasi. Kurasa zaweza kutajwa kwa namba, mathalan 1-3,7, nawe hulazimiki kuchapa 14 kwa sababu ya kosa lililo katika ukurasa wa saba; ajabu ni kwamba watu wengi hawalijui hili na hulipia yote upya. Kisha tazama kile kipicha cha ukurasa kilicho pembeni, ambacho programu nyingi hukionyesha bure na watu hukipita kama mwombaji wa njiani. Laiti mimi na kijana yule tungalikitazama, tungaliona kurasa zimebanana.

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo penye mtego. Amri nyingi za uchapaji zina nyumba mbili: programu unayoandikia ina dirisha lake, na printa ina lake, liletwalo na draiva, ambalo hufunguka ukibonyeza sifa za printa. Kurasa mbili kwa upande zaweza kuagizwa huku na kule, na mashine kwa utiifu wake hutii zote mbili. Tena dirisha hilo la pili hukumbuka: mpangilio uliowekwa ndani ya draiva kwa ajili ya mteja wa saa nne waweza kumngojea kimya mteja wa saa sita. Mpangilio unaoonekana haudhuru hata uwe mgumu namna gani. Uliojificha ukakumbuka ndio udhuruo. Kwa hiyo kaida yangu ni hii: lililo la siku liagizwe katika dirisha la programu pekee, na ndani ya draiva asiguse mtu ila mwenye duka, naye aguse wakati duka limefungwa.

Lakini mwenye duka atasema, na atasema kweli: wateja wangu hawafanani, huyu ana barua, huyu ana mtihani wa majaribio wa darasa zima, huyu ana kadi za mchango wa harusi, nawezaje kuiacha draiva katika hali moja? Jawabu lake ni zuri na wachache wanalijua. Kompyuta zetu nyingi huruhusu printa moja kuandikishwa mara kadhaa kwa majina mbalimbali, kila jina na mipangilio yake ya kudumu. Mashine ni moja mezani, bali katika orodha zinaonekana tatu au nne. Ipe ya kwanza jina la Barua: upande mmoja, chapa ya kawaida. Ya pili iite Mitihani: pande mbili, wino wa kubana matumizi, rangi nyeusi tupu. Ya tatu Kadi: karatasi nene, trei ya mkono, chapa kali. Msaidizi mpya aliyeanza kazi jana hahitaji kujua lolote juu ya draiva. Anachagua neno la Kiswahili analolifahamu, na maarifa yote ya bosi wake yamo nyuma ya neno lile. Kazi hii huchukua nusu saa, nami sijaona nusu saa inayolipa zaidi katika biashara hii.

Kuhusu ile mipangilio ya ndani, sikushauri uijifunze yote. Ni israfu ya umri. Michache yastahili. Uchapapo pande mbili utaulizwa kama karatasi igeuzwe kwa ukingo mrefu au mfupi: barua na ripoti za wima ni ukingo mrefu, vijitabu na kurasa za mlalo zinazofunguliwa kando kama kitabu ni ukingo mfupi, ukikosea, nyuma itasimama kichwa chini. Kama printa haijui kugeuza yenyewe, chapa kurasa witiri kwanza, geuza rundo, kisha chapa za shufwa, na ujaribu kwa karatasi mbili kabla ya sitini, kwa kuwa kila printa ina mila yake ya kutoa karatasi kifudifudi au chali.

Kijitabu nacho, kwa mfano kile cha ratiba ya arusi au cha hitima, huwatisha watu bure. Ile hekima ya A4 kukunjika ikawa A5 ndiyo yote: kurasa zako hupunguzwa kufikia asilimia 71 na hukaa mbili mbili bila kupoteza umbo. Idadi ya kurasa sharti igawanyike kwa nne. Zikiwa 16, utatumia karatasi nne. Ya nje kabisa itabeba ukurasa wa 16 na wa kwanza upande mmoja, wa pili na wa 15 upande wa pili, na katikati watakutana wa nane na wa tisa. Utaona kila jozi ikijumlishwa hutoa 17, na hicho ndicho kipimo cha kukagua: jozi isiyotoa 17 imekosewa. Programu hufanya mpango huu wenyewe ukichagua kijitabu; wajibu wako ni kukumbuka kwamba herufi ya ukubwa wa 12 itapungua ikawa nane na nusu, na wazee wa familia hawataisoma. Andika kwa 16 tangu mwanzo.

Na kwa wenzangu warina asali wanaochapa lebo za chupa: chagua asilimia 100, au neno lo lote la dirisha lenye maana ya ukubwa halisi. Programu za kusomea PDF mara nyingi hupenda kupunguza ukurasa kidogo ili uingie ndani ya pambizo za printa, na lebo ya milimita 60 ikatoka 58. Barua haijali asilimia mbili au tatu. Lebo iliyokatwa kwa kisu cha kipimo kimoja hujali sana. Chapa ukurasa mmoja, upime kwa rula, ndipo uruhusu mia.

Yapo maneno niliyokusudia kwa vijana wanaotunga programu, maana siku hizi wako hata hapa Tabora. Mwezi wa Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya nyaraka ambayo menyu zake zilisomeka kwa Kiswahili. Nami naihesabu kazi ile katika kazi za heshima za lugha yetu. Walakini chaguo arobaini zikitafsiriwa hubaki arobaini. Wako wanaodhani dawa ni kuzifuta, wakatuachia kitufe kimoja cha kuchapa. Hao sikubaliani nao, kwani katika programu yao ile lebo ya milimita 58 haina tiba. Wako wengine wanaozimwaga zote mezani na kuiita hiyo hiari ya mtumiaji. Onyesheni machache yaliyo ya kila siku. Mengine yawekeni nyuma ya mlango mmoja, si milango mitatu. Na lo lote lililobadilishwa nyuma ya mlango huo liandikwe mbele kwa maneno dhahiri: kurasa mbili kwa upande, karatasi ni Letter, nakala 30. Mtumiaji haombi asiulizwe. Anaomba asifichwe.

Limebaki la karatasi yenyewe, nalo halimo katika dirisha lo lote. Masika yetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na katika miezi hiyo karatasi iliyoachwa wazi hunyonya unyevu, ikajipinda kingo, ikakwama ndani ya mashine, na watu wakailaumu draiva. Rimu iliyofunguliwa irudishwe ndani ya kifungashio chake kila jioni, iwekwe rafuni mbali na sakafu na mbali na dirisha. Asubuhi, kabla ya kuitia katika trei, ishike ncha mbili uipepete kama kitabu, uigonge mezani ilingane, ndipo uwashe printa na kumkaribisha mteja wa kwanza.